Haijajulikana au Haijaamuliwa? Kiswahili Mbele ya Sayansi ya Kwanta

Wahenga walinena kwamba mgeni njoo mwenyeji apone. Kiswahili kimekaribisha wageni wengi tangu jadi, na aghalabu mwenyeji amepona: maneno ya Kiarabu, Kihindi, Kireno na Kiingereza yameingia, yakavishwa viambishi na kuketi barazani kama wenyeji. Hivi leo mlangoni pamesimama mgeni mwingine, naye ni sayansi ya kwanta. Makala haya yanadai kwamba wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili wana kazi ya kufanya kuhusu mgeni huyu, na kwamba kazi hiyo haiishii kwenye kumtafutia jina.

Sayansi ya kwanta huchunguza tabia ya vitu vidogo mno kama vile elektroni, atomu na fotoni, yaani chembe za nuru. Msingi wake uliwekwa Ujerumani mwaka 1900, Max Planck alipopendekeza kwamba nishati hutolewa kwa mafungu badala ya kutiririka mfululizo. Mwaka 1925 Werner Heisenberg aliianza kazi iliyoipa nadharia hiyo umbo lake la kihisabati. Kwa kuadhimisha karne moja ya kazi hiyo, Umoja wa Mataifa uliutangaza mwaka 2025 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Sayansi na Teknolojia ya Kwanta, na aliyewasilisha rasmi rasimu ya azimio lenyewe ni taifa la Afrika, Ghana.

Tawi la taaluma hii linalokua kwa kasi zaidi ni sayansi ya habari ya kwanta. Tawi hili huuliza: habari ikihifadhiwa katika vitu vidogo hivyo, yaweza kufanyiwa nini kisichowezekana katika karatasi au katika tarakilishi ya kawaida? Tuzo ya Nobel ya Fizikia ya mwaka 2022 iliwaendea Alain Aspect, John Clauser na Anton Zeilinger kwa majaribio yaliyofungua njia ya tawi hili. Ile ya mwaka 2025 iliwaendea John Clarke, Michel Devoret na John Martinis, waliodhihirisha katika miaka ya 1984 na 1985 kwamba hata saketi ya umeme inayoweza kushikwa mkononi hufuata sheria za kwanta. Tarakilishi nyingi za kwanta zinazoundwa leo zimejengwa kwa saketi za jamii hiyo.

Kuna wanaoshikilia kwamba kushughulikia mambo haya kwa Kiswahili ni anasa. Hoja yao si ya kupuuzwa. Wanasema kwamba katika shule za upili sayansi hufundishwa kwa Kiingereza, kwamba maabara za kwanta ziko ng'ambo, na kwamba istilahi zitakazoundwa zitaishia kapuni kama nyingine nyingi. Heri kungoja, wanasema, hadi sayansi yenyewe itulie.

Udhaifu wa hoja hii ni kwamba athari za sayansi ya kwanta hazitangoja. Afrika yenyewe imeshaionja: wakati wa Kombe la Dunia la mwaka 2010, sehemu ya mawasiliano ya uwanja wa Moses Mabhida mjini Durban ililindwa kwa funguo za siri zilizotengenezwa kwa njia ya kwanta. Fauka ya hayo, siri nyingi zinazopita katika intaneti, zikiwemo za benki, hospitali na idara za serikali, zinategemea mbinu za usimbaji fiche zilizotangazwa tangu mwaka 1977. Msingi wa mojawapo maarufu ni rahisi kueleza. Kuzidisha namba tasa mbili kubwa ni kazi nyepesi. Kuzitambua namba hizo kutokana na zao lao ni kazi ambayo tarakilishi ya kawaida haiwezi kuimaliza katika muda wa maana. Mwaka 1994 Peter Shor, mwanahisabati wa Marekani, alionyesha kwamba tarakilishi ya kwanta ingeimaliza kwa wepesi.

Wakati huo tarakilishi kama hiyo ilikuwa ndoto. Mwaka 2001 watafiti walitumia kyubiti 7 kutambua kwamba 15 ni zao la 3 na 5, jambo ambalo mtoto wa shule ya msingi hulijua. Hata hivyo, makadirio ya mashine inayohitajika yamekuwa yakishuka. Mwaka 2019 Craig Gidney na Martin Ekerå walikadiria kwamba kuvunja ufunguo wa biti 2,048 kungehitaji kyubiti milioni 20 na muda wa saa 8. Mwaka 2025 Gidney alikadiria kuwa kyubiti zisizofika milioni moja zingetosha, katika muda usiofika wiki moja. Bado hakuna mashine inayokaribia idadi hiyo. Lakini adui anaweza kukusanya leo jumbe zilizofichwa, akaziweka, akazifumbua mashine itakapopatikana. Rekodi ya hospitali ya mtoto aliyezaliwa mwaka huu itahitaji kuwa siri hata atakapokuwa mzee. Kwa sababu hiyo taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilichapisha viwango vipya vitatu vya usimbaji mnamo Agosti 2024. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Ibara ya 7 ya Katiba ya mwaka 2010 inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Mwananchi ana haki ya kuuliza siri zake zinalindwaje na zitalindwa hadi lini. Haki ya kuuliza bila lugha ya kuulizia ni haki nusu. Hapa ndipo kazi ya mwanafunzi wa Kiswahili inapoanzia.

Kazi hiyo, kwa bahati mbaya, imezoea kuelekezwa kwenye nomino. Mfano ulio karibu ni ule wa tarakilishi. Kwa miaka mingi wataalamu wamejadili iwapo chombo hicho kiitwe kompyuta, ngamizi au tarakilishi. Vitabu vya shule nchini Kenya vimeshikilia tarakilishi, ilhali barabarani na madukani watu husema kompyuta. Mjadala huo ulikuwa na manufaa yake, lakini ulimeza nguvu nyingi ambazo zingeandika maelezo ya namna chombo chenyewe kinavyofanya kazi. Orodha za istilahi zimekuwa nyingi kuliko aya zinazozitumia. Istilahi isiyotiwa katika sentensi ni kama mbegu iliyohifadhiwa ghalani: haijafa, lakini haimlishi mtu.

Kwa upande wa majina, basi, ukarimu unatosha. Neno lenyewe la kimataifa limetoka katika Kilatini, na maana yake huko ni "kiasi gani". Mtu angeweza kupendekeza "fizikia ya viasi", lakini neno kiasi limeshabebeshwa kazi nyingi: kwa kiasi fulani, kiasi cha haja, kula kwa kiasi. Kwanta ni neno fupi, linatamkika, na halibebi maana nyingine. Vivyo hivyo kyubiti, yaani biti ya kwanta, jina lililobuniwa na Benjamin Schumacher na kutumiwa katika makala yake ya mwaka 1995. Majina haya yakopwe bila haya. Waingereza nao walikopa.

Penye utajiri wa Kiswahili ni kwenye kitenzi. Hili ndilo dai kuu la makala haya. Sayansi ya kwanta haihusu sana vitu bali yanayotendeka baina ya vitu: kupima, kupimwa, kukutana, kufutana, kuambatana. Kiswahili kina mfumo wa unyambuaji unaoyabainisha mambo hayo kwa herufi chache, na kina viambishi vya wakati na ukanushi vinavyotenganisha maana ambazo lugha nyingine huhitaji sentensi nzima kuzitenganisha. Mifano mitatu itatosha.

Mfano wa kwanza ni kanuni iliyothibitishwa mwaka 1982 na William Wootters na Wojciech Zurek, na vilevile Dennis Dieks kwa njia yake. Kanuni hiyo husema kwamba haiwezekani kuunda mashine itakayotoa nakala kamili ya hali yoyote ya kwanta isiyojulikana. Kwa Kiswahili: hali isiyojulikana hainakiliki. Maneno matatu yametosha. Kiambishi cha kutendeka, -ik-, kimebeba kiini cha kanuni: tatizo haliko kwa mnakili, wala kwa uhaba wa vifaa vyake, liko katika asili ya kinachonakiliwa. Kanuni hii ndiyo inayolinda funguo za siri zilizobuniwa na Charles Bennett na Gilles Brassard mwaka 1984. Mdukuzi anayejaribu kusoma fotoni zinazopita njiani hawezi kuzinakili kisha akaziacha ziendelee na safari kana kwamba hakikutokea kitu. Akizipima huzivuruga, na mvurugo huo humfichua.

Mfano wa pili ni dhana inayopotoshwa kuliko zote. Imezoeleka kusemwa kwamba kyubiti ni sifuri na moja kwa wakati mmoja, na kwamba tarakilishi ya kwanta hujaribu majibu yote kwa pamoja kisha ikachagua lililo sahihi. Kauli hii ikitafsiriwa neno kwa neno huingiza Kiswahilini kosa pamoja na tafsiri. Ingekuwa hivyo, kila fumbo lingefumbuliwa kufumba na kufumbua, na sivyo. Maelezo bora yako baharini. Mawimbi mawili yanapokutana, huweza kupandana na kuongezana, au kilele cha moja kikaangukia bonde la jingine yakafutana. Hali za kyubiti hupandana kwa namna inayofanana na hiyo, na ufundi wote wa Shor ulikuwa kupanga hesabu ili njia zinazoelekea kwenye majibu mabaya zifutane, na zinazoelekea kwenye jibu jema ziongezane. Kupandana, kuongezana, kufutana: kiambishi -an- kinaeleza bila uchawi kile ambacho "sifuri na moja kwa wakati mmoja" hukigeuza kuwa kiinimacho. Kutokana na kitenzi hicho yaweza kupatikana nomino mpandano, ikihitajika.

Mfano wa tatu ni mzito zaidi, nao unahusu swali lililomgawa Albert Einstein na Niels Bohr. Mwaka 1935 Einstein na wenzake wawili waliandika kuhusu chembe mbili zilizowahi kukutana kisha zikatengana, ambazo vipimo vyake huafikiana hata zikiwa mbali. Mwaka huohuo Erwin Schrödinger aliupa uhusiano huo jina la Kijerumani, Verschränkung. Kwa Kiswahili chembe hizo zinaweza kusemwa kuwa zimefungamana. Swali lilikuwa hili: kabla ya kupimwa, je, chembe ina thamani yake tayari ila mtu haijui? Mtu akitia jozi ya viatu katika masanduku mawili, moja akalipeleka Mombasa na jingine Kisumu, anayefungua la Mombasa na kuona kiatu cha kushoto hujua papo hapo kwamba Kisumu kuna cha kulia. Hapana muujiza, maana mambo yalikwishaamuliwa tangu wakati wa kufunga masanduku. Einstein aliamini kwamba chembe nazo ziko hivyo.

Kiswahili kinaweza kuliweka swali hili wazi kabisa. Je, thamani ya chembe haijajulikana, au haijaamuliwa? Vitenzi vyote viwili vimekanushwa kwa -ja-, vyote vinaashiria jambo linalongojewa. Lakini "haijajulikana" inadokeza kwamba jambo lipo, na upungufu uko kwa mjuzi. "Haijaamuliwa" inaweka upungufu katika jambo lenyewe. Kwa takribani miaka 30 tofauti hiyo ilionekana kuwa ya wanafalsafa tu, isiyoweza kupimwa. Mwaka 1964 John Bell, mwanafizikia kutoka Ireland ya Kaskazini, akaonyesha kwamba inaweza kupimwa.

Hoja ya Bell inaweza kuelezwa kwa mchezo. Wachezaji wawili wanashirikiana, mmoja Mombasa na mwenziwe Kisumu, wala hawawezi kuwasiliana mchezo ukianza. Kila mmoja anaulizwa swali, ama la kwanza ama la pili, kwa bahati nasibu, naye hujibu "ndiyo" au "la". Wakiulizwa wote swali la pili, wanashinda majibu yao yakitofautiana. Katika hali nyingine zote, wanashinda majibu yakilingana. Wapange njama watakavyo kabla ya kuachana, hawatavuka ushindi wa asilimia 75, kwa kuwa hapana mpango unaotimiza masharti yote manne. Hii ndiyo hali ya viatu: kila jibu liko sandukuni tangu mwanzo. Lakini kila mmoja akibeba chembe iliyofungamana na ya mwenziwe, akaipima kulingana na swali analoulizwa, ushindi hufika karibu asilimia 85. Majaribio yaliyofuata, ya Clauser mwaka 1972, ya Aspect mwaka 1982, na yale makali zaidi ya Delft, Uholanzi, mwaka 2015, yalithibitisha kwamba maumbile huvuka mpaka huo.

Tahadhari mbili zinafaa hapa. Kwanza, chembe zilizofungamana haziwasiliani. Mchezaji wa Mombasa hawezi kuitumia chembe yake kumpelekea mwenziwe hata neno moja. Kwa hiyo anayeandika kwamba chembe "huzungumza papo hapo" amechagua kitenzi kibaya, na kosa lake si la mtindo bali la ukweli. Pili, matokeo hayo hayakuthibitisha kikamilifu kwamba thamani haijaamuliwa. Yalichovunja ni fikra kwamba kila chembe husafiri na majibu yake yote bila kuathiriwa na yanayofanyika kwa nyingine iliyo mbali. David Bohm alikwishatoa mwaka 1952 nadharia ambayo ndani yake mambo yameamuliwa, kwa gharama ya kukubali athari zinazovuka umbali. Mjadala ungali hai. Lugha haiwezi kuuamua. Inaweza tu kuhakikisha kwamba wanaojadili wanajua wanachokijadili.

Umuhimu wa uangalifu huu unaonekana hata nje ya chuo. Neno kwanta limeshaingia sokoni kabla ya kuingia darasani. Kuna mashine zinazouzwa kwa jina hilo, ambazo mgonjwa hushikishwa kijiti mkononi kisha akaambiwa hali ya ini, figo na mishipa yake. Hakuna kanuni ya kwanta inayowezesha kijiti kufanya hivyo. Lakini mtu aliyezoea kusikia kwamba kwanta ni maajabu yasiyoelezeka atamwulizaje muuzaji swali la maana? Mwandishi wa Kiswahili anayepamba sayansi hii kwa maneno kama miujiza na mazingaombwe humsaidia muuzaji huyo bila kujua.

Vivyo hivyo kuhusu habari za ushindi wa kampuni kubwa. Mnamo Desemba 2024 Google ilitangaza chipu yake iitwayo Willow, yenye kyubiti 105. Kilichovutia magazeti ni kasi iliyodaiwa. Kilichowavutia wataalamu ni jambo la kimyakimya zaidi. Kyubiti hukosea mara kwa mara, kwani joto au mtikisiko mdogo tu huzivuruga, na ndiyo sababu chipu hizo huwekwa katika baridi kali inayokaribia nyuzi 273 chini ya sifuri. Watafiti waliunganisha kyubiti nyingi zilinde habari moja, na walipoongeza ukubwa wa kundi hilo hatua kwa hatua, kiwango cha makosa kilipungua takribani nusu kila hatua. Hapo awali kuongeza kyubiti kulielekea kuongeza makosa. Msomaji anayeelezwa hivi anajua maendeleo yako wapi na bado yamebakiza nini. Anayeelezwa kwamba mashine imeshinda tarakilishi zote duniani hajaelezwa lolote.

Ni nini basi kifanyike? Taasisi kama BAKITA, TATAKI na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki zina nafasi yake katika kusanifisha, na kazi ya awali ipo: Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI, iliyotoka mwaka 1990, bado ni mahali pema pa kuanzia. Lakini usanifishaji hufuata matumizi. Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vinaweza kuanza bila bajeti kubwa. Mwanafunzi mmoja wa Kiswahili na mmoja wa fizikia wakae pamoja, waandike aya moja kuhusu dhana moja. Aya hiyo ipewe mwanafunzi wa kidato cha nne, kisha aombwe aieleze tena kwa maneno yake mwenyewe. Atakapokwama, neno lililomkwamisha libadilishwe. Atakapopotoka, mwanafizikia aseme kosa liko wapi. Aya itakayopita mitihani yote miwili ichapishwe. Jarida la chama likitoa aya mbili katika kila toleo, baada ya miaka michache patakuwa na sura ya kitabu, na istilahi zilizomo zitakuwa zimeshafanya kazi kabla ya kuingizwa kamusini.

Mwanafunzi wa Kiswahili asiogope kwamba hajui fizikia. Mchango wake ni ule wa sikio linalotambua kwamba "haijajulikana" na "haijaamuliwa" si neno moja. Mwanafizikia naye asidhani kwamba anamfanyia mwenziwe hisani. Atakapolazimika kuchagua kati ya vitenzi hivyo viwili, huenda akagundua kwamba hakuwahi kulijibu swali hilo hata katika lugha aliyosomea.

Samaki mkunje angali mbichi. Istilahi za sayansi hii hazijakauka, hata katika lugha zilizoizaa. Mustakabali wa Kiswahili katika taaluma hii nao haujaamuliwa, na hapa kitenzi hicho kinafaa bila mabishano yoyote.